Kabla ya nyumba palikuwa na bikoni

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wakazi wenzangu wa Sinza, Dar es Salaam. Nimeyaandika kwa kuwa vijana wengi walifika yakiwa yamekwisha.)

Ndugu zangu, majirani. Shikamooni wazee wenzangu mliobaki. Vijana, marahaba, hata ninyi ambao bado hamjaniamkia.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie historia ya mtaa wetu alinipa dakika ishirini. Nikamwambia dakika ishirini hazitoshi hata kumwelekeza mgeni njia ya kutoka kituo cha Mori kuja kwangu. Akacheka, akadhani namtania. Basi nitajitahidi, ila mkiona nimenogewa, mtu anivute shati.

Mimi naanza na panga. Katikati ya miaka ya 1970 nilikuwa kijana wa miaka 19, natafuta kibarua, nikapata kwenye kundi la wapimaji wa viwanja huku huku. Tulikuwa na mpimaji mmoja, darubini yake ya miguu mitatu, na vijana sita. Wawili wa panga, wawili wa mnyororo wa kupimia, mmoja wa kubeba zege, mmoja wa maji ya kunywa. Huyo wa maji ndiyo nilikuwa mimi, wiki mbili za mwanzo. Baadaye nikapanda cheo, nikapewa panga.

Mbele yetu kulikuwa na mihogo, mikorosho, minazi hapa na pale, majani yanayofika kiunoni, na nyumba chache za udongo. Mpimaji anachungulia, anapunga mkono: kushoto, kushoto kidogo, rudi, hapo hapo. Unakita kigingi. Kisha linachimbwa shimo, inamwagwa zege, kinasimikwa chuma katikati na namba inaandikwa juu kabla zege halijakauka. Hiyo ndiyo bikoni. Tulizika bikoni siku nzima, kesho yake tena, na mwezi mzima hapakuwa na tofali hata moja lililoletwa. Wenyeji walikuwa wanasimama wanatutazama kama watu wanaopanda mawe wakisubiri yaote.

Kitu kimoja kilinitatiza. Baada ya safu ya viwanja tuliruka. Tukaacha ukanda mpana, mrefu, ndipo tukaanza safu nyingine. Nikamuuliza mpimaji, mzee, hapa katikati anajenga nani? Akanijibu bila kutoa jicho kwenye darubini: "Hapa hajengi mtu."

Kijana wa shamba, nililiona neno la ajabu. Ardhi nzuri kama ile, halafu hajengi mtu! Leo nimezeeka, na nikiulizwa Sinza ilijengwa vipi, jibu langu linaanzia kwenye ule ukanda ambao hakujenga mtu.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuone serikali ilifikaje huku porini. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 273,000. Ile ya mwaka 1978 ikawakuta zaidi ya 840,000. Miaka kumi na moja tu, mji umejizidisha mara tatu. Watu wanashuka kwenye mabasi na mabegi ya mbao, wanatafuta pa kulala. Kariakoo, Ilala na Magomeni zilikwisha jaa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilikuwa limejaribu njia ya kubomoa nyumba mbovu na kujenga mpya palepale. Nia njema, lakini hesabu haikukubali. Unabomoa nyumba moja ya udongo na makuti, unajenga moja ya matofali kwa gharama kubwa, na ukimaliza mji una nyumba zilezile ngapi? Na mabasi hayajaacha kushusha watu.

Ndipo likaja wazo jingine, na fedha zake za mkopo kutoka Benki ya Dunia. Benki hiyo ilikuwa imeanza jambo hilo Senegali mwaka 1972, kwetu likafika mwaka 1974, na mwaka uliofuata likaenda Nairobi, kule Dandora, kwenye viwanja 6,000. Wazo lenyewe ukilieleza linaonekana dogo hadi mtu anauliza, ndiyo hilo tu? Serikali isijenge nyumba. Ipime viwanja, ichore barabara, ivute maji, iweke shule, zahanati na soko, kisha ikae pembeni. Nyumba atajenga mwenye nyumba kwa mwendo wake mwenyewe. Waliita mradi wa viwanja na huduma. Dar es Salaam walichagua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na baadaye Mbagala na Tabata. Mikoani nako wakapata, kuanzia Mbeya na Mwanza.

Kiwanja kilikuwa karibu mita za mraba 300, wengine pungufu kidogo, wengine zaidi. Walengwa walikuwa watu wa kipato cha chini: tarishi, dereva, karani, mwalimu wa shule ya msingi. Niseme ukweli, siyo wote waliopata walikuwa matarishi. Kiwanja kilichopimwa kina harufu, na wenye pua ndefu waliinusa mapema. Tarishi naye akipewa ofa yake, yaani barua ya kupewa kiwanja, alikuwa na majaribu: mwenye fedha anamfuata nyumbani usiku, anamwekea noti mezani, na mke ana mimba ya saba. Wapo waliouza. Siwalaumu.

Waliobaki walijenga, lakini msidhani zilikuwa siku za raha. Kulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1972, inatoa mikopo. Fedha ukipata, saruji huna. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika. Mwaka 1978 tumeingia vitani na Idi Amin. Mafuta yakapanda, vitu vikaadimika madukani, na mfuko wa saruji ukawa wa kupata kwa kibali na kwa kujuana, wakati kiwanda chenyewe kiko Wazo Hill, unaweza kwenda kwa baiskeli! Viwanja vingi vilikaa miaka na miaka ni msingi tu, umeota mpapai katikati. Watoto wetu walikula mapapai ya misingi ya watu.

Nyumba yangu mwenyewe ilichukua miaka tisa. Nyumba ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, mbele baraza, nyuma uani: jiko, bafu, choo, stoo ya mkaa. Nani hapa hajakulia kwenye nyumba ya namna hiyo? Tulihamia chumba kimoja tu kilipoezekwa. Madirisha tuliziba kwa mabati ya madebe ya mafuta ya kula, bati tukaligandamiza kwa mawe, sakafu ni udongo uliokandwa. Mvua ikinyesha usiku mke wangu anahamisha watoto kutoka pembe hii kwenda ile, kama mtu anayecheza bao. Chumba cha pili kilipokamilika sikukiingia, nikampangisha fundi cherehani. Kodi yake ndiyo iliyoezeka cha tatu. Cha tatu akaingia mwalimu, kodi yake ikapiga plasta ukumbini. Wapangaji wangu ndio walionijengea. Wakati ninawadai, wanafikiri mimi ni tajiri.

Nataka mlione hilo vizuri. Benki ile ya Nyumba ilikufa mwaka 1995. Sinza haikufa, kwa sababu mkopo wa kweli ulikuwa ule wa mpangaji wa chumba cha pili.

Sasa twende Manzese. Hapo jirani tu, unateremka barabara ya Shekilango kuelekea barabara ya Morogoro. Mradi ulikuwa mmoja, mkopo mmoja, miaka ileile. Tofauti ni kwamba Manzese watu walikwisha jenga, kwa hiyo huduma zilipelekwa zikaikuta nyumba. Huku zilitangulia, nyumba ikazikuta. Kule ukitaka kupitisha barabara unabomoa ukumbi wa mtu, kwa hiyo unapitisha chache, na nyingine inaishia mlangoni kwa bibi fulani. Sisemi kwa dharau. Mke wangu ni mtoto wa Manzese, yupo safu ya tatu pale, na nikivuka mstari nitalala njaa.

Kuna wachumi, wakiongozwa na Guy Michaels wa chuo cha London School of Economics, waliochapisha utafiti mwaka 2021 juu ya miradi hii ya Tanzania. Walitazama mitaa kutoka angani, wakapima ukubwa wa mapaa, mpangilio wa nyumba na jinsi zinavyofikika kwa barabara, wakalinganisha mitaa iliyopimwa kabla ya watu, mitaa iliyoboreshwa baada ya watu, na ile ambayo haikuguswa. Miongo minne imepita, na mitaa ya kupimwa kabla, kama Sinza, bado ina majengo makubwa zaidi na yaliyopangika vizuri zaidi. Ile iliyoboreshwa baadaye haikuonekana kuizidi ile ambayo haikuguswa. Na fedha zilitumika huku na Manzese pia. Mimi naongezea kipimo changu ambacho hakionekani kutoka angani: gari la kunyonya choo. Choo kikijaa kwangu, gari linafika mpaka ukuta wa uani, linatoa bomba, nusu saa limeondoka. Kwa shemeji yangu Manzese, dereva anasimama barabara kuu, anatazama uchochoro, anatikisa kichwa. Basi wanaita vijana wa kutapisha usiku kwa ndoo. Nyumba zetu mbili, mimi na shemeji, ni sawa kabisa: vyumba sita, bati lilelile. Tofauti iko nje ya nyumba, pale ambapo hajengi mtu.

Tuje kwenye majina, maana naona vijana wanasinzia. Kwenye hati sisi ni Kiwanja Namba fulani, Kitalu A, B, C, D, E. Mmewahi kumsikia mtu anamwambia konda "nishushe Kitalu D"? Mtu anashuka Kijiweni. Anashuka Madukani, Makaburini, Kumekucha, Afrika Sana, Legho, Vatikani, Palestina. Mtaa mmoja una Vatikani na Palestina, na watu wanapita katikati wamebeba mihogo bila pasipoti. Ramani ilichorwa ofisini, lakini majina yalichorwa na makonda, na makonda wameshinda.

Na kuna Kwa Remmy. Vijana mnashuka pale kila siku. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akatamba na Matimila. Alikuwa mkazi wa hapa. Nywele zile, gari lake, watoto wanamkimbilia. Alifariki Desemba 2010. Yapo majiji yanayowapa wanamuziki wao sanamu, sisi tulimpa kituo cha daladala. Mimi naona tumempa kikubwa zaidi, maana sanamu hakuna anayelitaja kila asubuhi kwa sauti huku amening'inia mlangoni.

Mwaka 2022 zilipokuja anwani za makazi nikabandikiwa kibao cha namba, na mtaa ukapata nguzo yenye jina. Nashukuru. Juzi kijana wa bodaboda aliniletea mzigo, nikamsomea namba na jina la barabara kama lilivyo. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sawa mzee, ila ni karibu na nini?"

Miaka ya 1990 ndipo Sinza ilipogeuka sura. Biashara imefunguliwa, mishahara haitoshi, na sisi tuna kitu ambacho wengi hawana: nyumba inayofikika kwa gari. Zikaja baa. Zikaja gesti, saluni, chipsi, nyama choma. Chuo Kikuu kiko mlimani pale, wanafunzi wakahitaji vyumba. Mwaka 2006 ikafunguliwa Mlimani City, kodi zikapanda hata kwa sisi ambao hatujawahi kununua kitu mle ndani. Ikaja fremu. Kwa mgeni asiyeijua fremu: unachukua chumba chako cha mbele, unavunja ukuta unaotazama barabara, unatia mlango wa chuma wa kuviringisha, unapangisha duka. Kodi ya mwaka mkononi, siku moja. Mstaafu gani atakataa? Mimi nilivunja viwili. Baraza niliyokaa na wazee wenzangu miaka ishirini ikawa ngazi ya duka la simu. Wazee sasa tunakaa uani, karibu na choo, tunazungumzia siasa kwa sauti ya chini.

Fremu zilipokwisha vyumba, zikatoka nje. Ngazi ikasogea hatua moja. Kibaraza kikafuata. Kivuli cha bati, meza, friji la soda, kreti. Mtaro ukafunikwa ili wateja wasiruke. Na wengine wamebomoa kabisa, wamepandisha ghorofa nne, gesti yenye vyumba ishirini juu ya kiwanja kilekile, na karo la choo ni lilelile lililochimbwa kwa ajili ya familia moja na wapangaji wake. Mnashangaa kwa nini mvua za masika zinaibua harufu? Mtaro uliofunikwa ngazi haupitishi maji. Yanatafuta njia kuelekea Mto Ng'ombe, yanakuta duka la simu, yanapumzika sebuleni kwa jirani.

Sisemi fremu ziondoke. Zangu mbili zinanilisha. Ninachosema ni kwamba kuna mstari. Ndani ya mstari jenga hadi mbinguni ukipewa kibali. Nje ya mstari siyo kwako, siyo kwangu, siyo kwa mwenyekiti, na ni kwa kila anayepita. Wengi mnaona ule ukanda ni ardhi iliyosahauliwa. Haikusahauliwa. Niliikata majani kwa mkono huu, na iliachwa kwa makusudi.

Na mstari unamtetea mnyonge, mimi ni shahidi. Miaka ya 1990 hiyohiyo jirani yangu mpya, mtu wa fedha, alianza kujenga ukuta ukaingia kwangu karibu mita mbili. Nikaenda ofisi moja, sitaitaja. "Jalada halionekani." Nikarudi wiki ya pili. "Mhusika yuko safari." Nikarudi mara ya tano, mhusika amerudi, jalada nalo limesafiri. Mnayajua. Wakati huo ukuta unapanda kozi kwa kozi. Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Kwani si ulizika mwenyewe yale mawe?" Ndugu zangu, nilijiona mjinga. Nikamleta mpimaji kwa gharama yangu, tukachimba kwenye pembe. Futi moja na nusu chini, chini ya taka na mizizi ya mwarobaini, panga likagonga zege. Tukaisugua kwa brashi ya chuma, namba ikasomeka. Jirani alikuja kutazama, akainama, akaisoma yeye mwenyewe kwa sauti. Kesho yake mafundi wake walianza kubomoa. Hatukwenda mahakamani, na tulizikana baadaye kama majirani: aliponifia nilishika jeneza.

Jalada, kwa taarifa yenu, lilionekana miezi minne baadaye. Lilikuwa limewekwa kwenye Kitalu C badala ya E.

Yapo mengi nimeyaruka. Maji: yalikuja, yakakauka, yakarudi na bili. Shule, zahanati, ile habari ya kutolewa Kinondoni tukawekwa Ubungo. Mwendokasi, tangu mwaka 2016 basi linapita pale kituo cha Shekilango na mtu anafika Kivukoni bado shati limenyooka. Hayo mtaelezwa na wengine. Viwanja vya kuchezea watoto vilivyokuwa kwenye ramani nilitaka kuvieleza kimoja kimoja, lakini naona baadhi ya waliovizungushia ukuta wamekaa hapa mbele, na nimekuja kwa miguu.

Kijana mmoja kaniuliza kabla hatujaanza, mzee, bikoni inafananaje, maana kazaliwa hapa na hajawahi kuiona. Tukimaliza anifuate, na yeyote anayetaka. Ya pembe ya mbele kwangu bado ipo. Iko chini ya kreti la soda, mbele ya fremu ya pili, na kuanzia hapo hatua tatu za barabara mnaziona leo kama kibaraza changu. Ndiyo, changu. Mpangaji ameahidi kusogeza kreti, na fundi wa kuvunja kile kibaraza nimemwita Jumamosi.